Mkono Mmoja Gatini Balaklava

Kuna ukurasa katika kitabu cha Mary Seacole ambao nimeurudia mara nyingi kuliko kitabu chenyewe. Tuko gatini Balaklava, bandari ndogo iliyobanwa na milima kwenye rasi ya Crimea, mapema mwaka 1855. Askari wa mizinga amelazwa chini kwenye godoro, anaugulia maumivu. Amepigwa kwenye paji la uso na yaelekea macho yake yamekwisha. Mwanamke ambaye hakuna aliyemwita anamkimbilia, analegeza bendeji zilizokauka na kukakamaa, anainama, anamnywesha chai. Mkono wa askari unagusa wake na kutulia hapo. Halafu yule askari, kama mtu anayerudi kutoka mbali, anatambua jambo: huu ni mkono wa mwanamke. Ni mwanamke gani, hajui. Anaushika tu, anambariki, anambariki tena.

Basi. Baada ya hapo atashushwa mashuani, mashua itampeleka melini, na meli itaondoka. Hatumwoni tena.

Kitabu ni Wonderful Adventures of Mrs. Seacole in Many Lands, kilichochapishwa London mwaka 1857. Mwandishi alizaliwa Kingston, Jamaika, mwaka 1805. Mama yake alikuwa mganga mwenye nyumba ya wageni, baba yake askari wa Kiskoti. Alipofariki mwaka 1881 kitabu chake kilikuwa njiani kusahaulika. Kilichapishwa upya mwaka 1984, na tangu hapo Seacole amekuwa mtu wa kugombaniwa. Sanamu yake ilipozinduliwa mwaka 2016 nje ya hospitali ya St Thomas', London, mabishano yalipamba moto. Alikuwa nesi kweli, au mfanyabiashara wa vyakula na vinywaji? Upande mmoja umemfanya malaika. Upande wa pili umemfanya mchuuzi aliyejua kujisifu.

Mimi naona pande zote mbili zinabishania cheo. Na cheo hakisomeki. Kinachosomeka ni ukurasa. Hoja yangu ni hii: Seacole aliandika vizuri zaidi pale alipokuwa na uwezo mdogo zaidi, yaani kwenye ukingo wa maji, mbele ya watu aliokuwa nao kwa dakika chache na ambao mwisho wao hakuujua. Tena hapo hapo gatini ndipo tunapoona kitu ambacho macho yake hayakutaka kukiona.

Lakini kwanza safari yenyewe, maana maji usiyoyafika hujui wingi wake.

Vita vya Crimea viliwakutanisha Waingereza, Wafaransa na dola ya Waturuki dhidi ya Urusi. Majeshi ya washirika yalitua Crimea Septemba 1854, na tarehe 20 mwezi huo yakapigana kwenye mto Alma. Waingereza walishinda, halafu wakagundua kwamba hawakuja na magari ya kutosha ya kubebea majeruhi. Watu walibebwa hadi ufukweni kwa namna yoyote iliyopatikana, wakapakiwa kwenye meli zilizokuwepo. Hospitali kuu haikuwa Crimea kabisa. Ilikuwa Scutari, mkabala na Istanbul, ng'ambo ya Bahari Nyeusi, zaidi ya kilomita 500 za maji. Ukiumia mbele ya Sevastopol, kitanda chako kilikuwa nchi nyingine.

Halafu kipupwe kikaingia. Tarehe 14 Novemba dhoruba ilizipiga meli nje ya Balaklava, na miongoni mwa zilizozama ilikuwemo Prince, iliyobeba nguo za baridi za jeshi. Askari wakabaki kwenye mahandaki na sare za kiangazi. Kuanzia hapo waliojaa gatini walikuwa wagonjwa wa kuhara damu, wa kipindupindu, wa homa na wa miguu iliyoganda, kuliko waliopigwa risasi. Njia kutoka kambi za juu hadi bandarini ilikuwa tope. Wanyama wa Waingereza walikuwa wanakufa, kwa hiyo Wafaransa wakawaazima nyumbu waliofungwa viti na machela ubavuni, mgonjwa mmoja huku na mwingine kule. Nyumbu akiteleza, wote wawili wanaijua teleza hiyo. Gatini unangoja mashua. Mashuani unangoja meli. Melini unalala sitahani au chini kwenye tumbo la chombo ambacho hakikujengwa kuwa wodi. Ukifika Scutari ukiwa hai, bado hujapona: Februari 1855, kati ya kila wagonjwa 100 waliotibiwa pale, 42 hivi walikufa.

Jumla ya Waingereza waliouawa na magonjwa katika vita hivyo ilizidi 16,000, mara kadhaa ya waliokufa kwa majeraha. Kwa hiyo lile gati halikuwa mahali pa kuokolewa kwa uhakika. Lilikuwa mlango tu, na ulioko nyuma ya mlango mtu hakuweza kuuona.

Sasa turudi kwa mwanamke wetu. Alifikaje hapo? Kusema kweli, alifika kwa ukaidi. Alipokwenda London kuomba kujiunga na manesi wa Florence Nightingale alizungushwa. Alijaribu Wizara ya Vita, idara ya tiba, mke wa waziri, mfuko wa msaada wa Crimea. Kila mlango ukamfungia kwa adabu. Anasimulia jioni aliyosimama barabarani na kujiuliza kama ni rangi ya ngozi yake iliyomponza, machozi yakamtoka mbele ya wapita njia. Halafu akafanya kile ambacho mama yeyote wa biashara angekifanya. Akatafuta mshirika, Thomas Day, akanunua bidhaa, akalipa nauli yake mwenyewe. Alipofika Balaklava hakuwa hata na nyumba. Alilala bandarini ndani ya meli iliyosheheni baruti, na mchana akawa gatini, kwa majuma sita, kabla ya kujenga ile British Hotel yake huko Spring Hill kwa mbao za masanduku na mabati.

Weka kisa cha London kando ya kisa cha gatini uone kinachotokea. London aliangaliwa, na kwa kuangaliwa akakataliwa. Gatini mtu wa kwanza kumtambua ni mtu asiyeona. Yule askari wa mizinga hana macho ya kuuliza huyu ni nani na ametoka wapi. Ana vidole tu. Kwa vidole hivyo anapata jibu ambalo ofisi nzima za London zilishindwa kulipata, kwamba hapa pana mkono unaoijua kazi.

Seacole hasemi hivyo. Hapo ndipo ninapomvulia kofia. Mwandishi mwingine angesimama atuhubirie: tazameni, kipofu ameona kuliko wenye macho. Yeye anaweka bendeji, chai, mkono, na kuendelea. Sentensi chache baadaye anatwambia kwamba siku hiyo alivaa gauni lake la manjano alipendalo na kofia ya buluu yenye utepe mwekundu. Ni utani wa kujicheka, kwa maana daktari anayemkaribia nusura aangue kicheko, ila anamwona mgonjwa aliyelala miguuni pa mama huyo, kicheko kinakufa, anampa mkono na kumshukuru. Kwa hiyo rangi zinaingia ukurasani pale tu mwenye macho anapoingia. Sijui kama alilipanga hilo au lilikuja lenyewe, na si lazima kujua. Limo.

Kisha kuna mtu wa pili, na huyu ndiye anayenilaza macho. Ni askari ambaye fahamu zimemtoka. Anamdhania Seacole kuwa mkewe. Anamwita Mary, Mary, mara nyingi. Anamuuliza imekuwaje amefika nyumbani upesi hivi, na mbona watoto hawaonekani. Mke wa yule mtu aliitwa Mary, na mwandishi wetu naye ni Mary. Hangeweza kukana jina bila kusema uongo, wala kulikubali bila kusema uongo. Anachosema ni kwamba hakuwa na moyo wa kumtoa kwenye ndoto hiyo, na kwamba anadhani hakuishi kufika Scutari.

Anadhani. Neno hilo ndilo msingi wa ukurasa wote. Kitabu hiki kimejaa majigambo. Kina wakuu wanaomshukuru, barua za sifa zilizonakiliwa neno kwa neno, wagonjwa wa kipindupindu aliowaponya Panama na Jamaika, na dawa zake zinazoshinda za madaktari. Gatini hawezi kujigamba, kwa sababu hakuna anayepona mbele yake. Hawezi kusema nilimwokoa. Meli imemchukua mtu pamoja na mwisho wa hadithi yake. Kilichobaki ni alichokitoa: chai, ndimu, kitambaa safi, na vipande vya keki ambavyo anasema walivipenda kuliko vyote, labda kwa kuwa vilikuwa na ladha ya nyumbani. Mtu anayekwenda kufa baharini anapewa keki. Ukitaka kumcheka Seacole kwa hilo, kaa kwanza na swali: wewe ungempa nini?

Hata hivyo hakuweza kuuacha ukurasa ulivyo. Kipofu amembariki, aliyepotewa na fahamu amemwita kwa jina lake, lakini hao ni mashahidi ambao mahakama haiwapokei. Kwa hiyo inabidi aje daktari, kisha aje amiri jeshi wa bandari, mzee Boxer, mkali wa kutisha, ambaye anamwambia kwamba amefurahi kumwona kati ya watu hawa, na Seacole anaapa aliona chozi likijikusanya jichoni. Edward Boxer alikufa kwa kipindupindu Juni ya mwaka huo huo, kwa hiyo kitabu kilipotoka hakuwepo wa kukana chozi lake. Sisemi Seacole amelitunga. Nasema alilihitaji. Vita vilipoisha mwaka 1856 hoteli yake ilibaki na shehena isiyonunuliwa, akafilisika, na kitabu kiliandikwa ili kumtafutia riziki kwa wasomaji wa Uingereza. Kilihaririwa na mtu tunayemjua kwa herufi W. J. S. pekee, na dibaji ikaandikwa na William Howard Russell, mwandishi maarufu wa vita wa gazeti la The Times. Mwanamke mweusi mwenye deni hakuweza kwenda sokoni na ushahidi wa vipofu. Alihitaji chozi la mwenye cheo.

Hiyo ni dosari ya kitabu, na pia ni taarifa yake ya kweli kabisa kuhusu London ya mwaka 1857.

Wapo wengine wawili walioandika vita hivyo kutoka kwenye maji, na ukimweka Seacole kati yao unaona vizuri zaidi alichokifanya.

Wa kwanza ni Leo Tolstoy, aliyekuwa ofisa kijana wa mizinga upande wa Warusi, ndani ya Sevastopol iliyozingirwa. Masimulizi yake ya Sevastopol yalianza kutoka mwaka 1855. Katika lile la kwanza anamshika msomaji mkono na kumwita "wewe" tangu mwanzo hadi mwisho. Wewe unasimama upande wa kaskazini wa ghuba alfajiri, mkokoteni unaovutwa na ngamia unapita ukilia, umepakia maiti za kuzikwa, kisha wewe unapanda mashua na kuvuka kuelekea mjini. Zingatia mwelekeo. Tolstoy anamvusha mtu mzima kuelekea kwenye majeruhi. Anakuingiza ukumbi uliogeuzwa hospitali, anakuonyesha askari mzee aliyekatwa mguu na mke wa baharia aliyekatwa mguu pia. Kombora lilimpata akimpelekea mumewe chakula kwenye ngome. Kisha anakusukuma hadi meza ya madaktari, uone vita bila bendera wala ngoma. Ni maandishi makubwa, hakuna ubishi. Ila Tolstoy anamleta msomaji pale ili ajifunze. Majeruhi ni somo, na wewe mwanafunzi unaruhusiwa kutoka nje ukishaelewa.

Wa pili ni Nightingale mwenyewe. Aliwasili Scutari tarehe 4 Novemba 1854 na wanawake 38. Yeye yuko mwisho wa safari, pale mashua zinaposhusha. Maandishi yake makubwa kuhusu vita hivyo ni ripoti na takwimu, na ule mchoro wa duara aliouchapisha mwaka 1858, wenye vipande vya rangi kwa kila mwezi: vyekundu vya majeraha, vyeusi vya sababu nyingine, na vya buluu vya magonjwa ambayo yangezuilika. Buluu inavimeza vyote. Nauhesabu mchoro huo kuwa kazi ya mwandishi, maana una sauti na una hasira. Lakini ndani yake hakuna anayeita Mary. Yule mtu wa gatini, kama alifia baharini au kitandani, amekuwa unywele mmoja wa rangi. Nightingale aliugua yeye mwenyewe Balaklava Mei 1855 na kurudishwa Scutari kwa mashua ya kifahari ya bwana mmoja wa Kiingereza. Aliyavuka maji yale yale, ila si katika chombo kile kile.

Kwa hiyo tuna watatu: mmoja anatuvusha tukaone, mmoja anahesabu waliofika, na mmoja anasimama pale wanapoondoka. Takwimu za Nightingale ziliokoa watu wengi kuliko keki za Seacole. Hilo sitabisha, na msomaji yeyote mwenye akili timamu asilibishe. Lakini fasihi haina kazi ya kushindana na hospitali. Kazi yake gatini ni kukaa na mtu kabla hajawa namba, bila kudai kwamba kukaa huko kumemponya. Tolstoy ni fundi mkubwa kuliko Seacole kwa kila kipimo, na bado hakuna ukurasa wake wa Sevastopol ambapo mgonjwa anamshika msimulizi na kukataa kumwachia.

Nimesema kuna kitu ambacho Seacole hakutaka kukiona, na haki ni kulisema hilo kwa sauti ile ile niliyomsifia nayo.

Askari wale hawakufika gatini kwa miguu yao. Walibebwa. Kulikuwa na watu wa kuongoza nyumbu, wa kushika machela, wa kuvuta makasia, wa kusomba makreti ili mgonjwa apate nafasi. Balaklava ilijaa Wagiriki, Wamalta na Waturuki wa kazi hizo. Askari wa Kituruki waliowekwa pale kipupwe hicho walitumiwa na Waingereza kama hamali, wakabeba shehena kupandisha tope, wakafa kwa magonjwa na njaa wakiwa hawana hospitali ya kuwafaa. Walikuwa mita chache tu kutoka kwenye birika la chai.

Katika kitabu hao ni wezi na wavivu. Kuna isipokuwa, kama yule pasha aliyekuja kwake kujifunza Kiingereza na kufurahia bia yake, na huyo ni pasha. Wa kawaida anapewa mzaha. Usiku aliolala Scutari kwenye chumba cha wanawake wafua nguo, viroboto walimtafuna, naye anatania kwamba viroboto ndio viumbe pekee wenye bidii Uturuki nzima. Kijana wa Kiyahudi aliyemtumikia kwa uaminifu anamwita kwa dini yake na jina la kubandikwa. Hata mtu mweusi anayepika jikoni mwake anapita ukurasani kama kichekesho. Mwanamke yule yule aliyelia barabarani London kwa kuangaliwa vibaya anaangalia vibaya. Waswahili husema mwenye macho haambiwi tazama. Mimi hapa ningemwambia.

Mtetezi wake atasema ni nyakati, ni soko, ni mhariri. Sawa. Wasomaji wake walitaka kuambiwa kwamba Mwingereza ni jasiri na Mturuki ni kichekesho, naye alikuwa na deni la kulipa. Lakini nakumbuka kwamba hakuna soko lililomlazimisha kuandika ukurasa wa Mary, Mary, na aliuandika. Alikuwa na uwezo huo. Ndiyo maana kutowaona wabebaji kunauma. Mkono wake ulikuwa na akili kuliko macho yake, na bahati mbaya mkono huo haukumgusa hamali hata mmoja.

Nawauliza wabebaji hawa kwa sababu sisi tunatoka kwao. Miaka 60 hivi baada ya Crimea, katika vita vya Waingereza na Wajerumani hapa Afrika Mashariki, safari ile ile ya majini ilifanyika kwenye bahari yetu. Dar es Salaam ilipotwaliwa Septemba 1916, na Kilwa na Lindi zikawa vituo vya jeshi, wapagazi waliokusanywa Kenya walipakiwa melini Mombasa na kushushwa kusini wabebe mizigo kuelekea bara. Mwaka 1917 ukusanyaji ukawa wa lazima na wa jumla. Wagonjwa walirudishwa pwani, wakangoja meli. Makumi ya maelfu ya wapagazi hawakurudi makwao, na wengi wao waliuawa na kuhara damu, ugonjwa ule ule wa Balaklava, wala si risasi. Jina la kikosi chao limebaki midomoni mwetu kila siku tunaposema Kariakor hapa Nairobi na Kariakoo kule Dar. Kenyatta Avenue pana sanamu tatu za shaba, mmoja wao mpagazi, na watu hupanda matatu kando yake bila kuinua shingo.

Kwa hiyo sanamu tunayo na jina tunalo. Ninachokitafuta ni ukurasa wa gatini. Abdulrazak Gurnah, katika Afterlives ya mwaka 2020, amemwandikia askari wa Wajerumani, Hamza, aliyekatwa kwa upanga na mkubwa wake mwenyewe na kuuguzwa katika misheni ya bara. Ni riwaya inayojua kwamba mwili uliojeruhiwa una haki ya muda mrefu, wa kuchechemea, wa kupenda, wa kuzeeka. Lakini Hamza alikuwa askari mwenye bunduki. Mpagazi aliyelala Kilwa akingoja chombo, tumbo limemshika, lugha inayozungumzwa pembeni yake si ya mama yake, huyo bado namngoja katika riwaya. Aliwaita kina nani? Alidhani amefika kwao? Nani aliinama?

Kwa mwandishi wa leo anayetaka kumwandika, ushauri wangu ni mdogo. Asianze na sanamu wala na takwimu. Asimfanye shujaa, maana hakuombwa ruhusa kupelekwa kule. Aanze na kile Seacole alichokijua siku zile sita mara saba alizosimama juu ya mbao za gati, kwamba mtu huyu yuko mbele yangu kwa muda mfupi, ana kiu, na sitajua mwisho wake. Kisha afanye kile Seacole alichokishindwa. Ainue macho amtazame pia aliyeshika upande wa pili wa machela.

Kitabu chenyewe kinapatikana bure mtandaoni, kwa Kiingereza, na hakina hakimiliki tena. Kama huna muda, ruka utoto wa Kingston na vituko vya Panama. Utavirudia baadaye, vinachekesha. Anzia Balaklava, pale nyumbu wanapoteremka na wanaume wenye ndevu wamesimama wakilia. Soma hadi yule mtu anapouliza watoto wako wapi. Halafu funga kidogo.